Vishazi vya -ing: kwa nini barua zetu za kazi zinasema kampuni ndiyo iliyobangua korosho

Mwl_Mikindani

Wakuu, habari za Kusini.

Msimu wa korosho ukikaribia, vijana wa mtaani huniletea barua za maombi ya kazi nizipitishie jicho. Ukarani wa ghala, usimamizi wa kiwanda cha kubangua, udereva. Makosa ya tahajia siku hizi ni machache, simu inayarekebisha yenyewe. Kuna moja ambalo simu hailioni, na linajirudia hata kwa waliomaliza chuo:

*Having worked in a cashew factory for two years, your company will benefit from my experience.*

Mwandishi anajua alichokusudia. Lakini kwa sarufi ya Kiingereza, aliyefanya kazi kiwandani miaka miwili ni kampuni. Ndugu yake ni huyu: *Being a hardworking person, your office will never regret.* Hapo mchapakazi ni ofisi.

Wapo wanaosema ni uvivu wa kusoma. Mimi sikubali. Kinachotuponza ni Kiswahili chetu, kwa sababu kimetuzoesha raha. Sema: *Nikitembea ufukweni Shangani, mashua zilionekana kwa mbali.* Hakuna atakayeuliza nani alikuwa anatembea, ile ni- imeshajibu. Kitenzi chetu kinabeba nafsi popote kiendapo: nikitembea, akitembea, wakitembea. Kwa hiyo kishazi kinachofuata, yaani kipande cha sentensi chenye kitenzi chake, kinaweza kuwa na kiima (subject) kingine kabisa na mambo yakawa shwari.

*Walking* haina nafsi. Si mimi, si wewe, si wao. Haina hata wakati. Ni kitenzi kilichovuliwa vyote, kwa hiyo lazima kiazime mtendaji, na kinamwazima kwa jirani wa karibu, yaani kiima cha kishazi kikuu. Ukiandika *Walking along Shangani beach, the boats could be seen far away*, basi mashua zimeota miguu zinatembea mchangani.

Kipimo changu ni kimoja. Chukua kiima cha kishazi kikuu ukipachike kwenye -ing, uulize: huyu ndiye anayetenda? *The boats were walking?* Hapana. Basi ama badilisha kiima, *Walking along Shangani beach, I saw the boats far away*, ama achana na -ing urudishe kishazi kizima chenye nafsi yake: *As I was walking along Shangani beach, the boats could be seen far away.* Ile ya kiwandani nayo hivyo hivyo: *Having worked in a cashew factory for two years, I can help your company.*

Halafu muwe macho na kauli ya kutendwa, ndiyo mlango mkuu wa kosa hili. Pale Tendaguru, Lindi, Wajerumani walichimba mabaki ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, na mifupa iko Berlin hadi leo. Mwanafunzi ataandika: *Digging at Tendaguru, huge bones were found.* Mifupa inachimba! Ukishaandika *were found* umemfukuza mtendaji kwenye sentensi, na -ing haina tena pa kuazima. *Digging at Tendaguru, the workers found huge bones.*

Karibuni tuchangie. Wenye sentensi zao waziweke hapa tuzikague.

KoroshoGhafi

Ticha, hii nimei-save kabisa. Ila usiishie hapo, gusia na ile salamu yetu ya taifa, *The heading above is concerned*. Hiyo ina -ing au haina?

Mwl_Mikindani

Hahaha, hiyo ni *Kichwa cha habari hapo juu chahusika* iliyovalishwa suti. Mwingereza hana kitu hicho. Yeye anaandika kichwa cha barua, anaruka mstari, anaingia kwenye hoja.

Wajanja wanaikwepa kwa -ing, halafu wanaangukia shimo lile lile: *Referring to your advertisement, my name is...* Jina lako ndilo linalorejelea tangazo? Anayerejelea ni wewe, kwa hiyo *Referring to your advertisement of 3 May, I wish to apply for the post of storekeeper.*

Na mwisho wa barua kuna *Hoping to hear from you soon*, nukta, sahihi. Hicho ni kishazi kinachoning'inia bila kishazi kikuu. Zamani kilikuwa na mwenzake: *Hoping to hear from you, I remain, Yours faithfully*. Mwenzake akaachwa njiani, kikabaki peke yake. Leo andikeni *I look forward to hearing from you.* Ni hearing, si hear. Hii *to* si ile ya *I want to hear*, hii hufuatwa na jina, na hearing hapo inafanya kazi ya jina.

Binti_Shangani

Shikamoo mwalimu. Mimi niko kidato cha nne. Kwenye mitihani tunapewa sentensi mbili tuziunganishe kwa kuanza na *Having*. Napata vizuri tu. Ila insha zangu zinarudi zimechorwa mistari myekundu. Inakuwaje?

Mwl_Mikindani

Marahaba mwanangu. Swali zuri, na jibu lake halitawafurahisha walimu wenzangu.

Angalia yale mazoezi. *Juma finished his work. Juma went home.* Mara nyingi sentensi zote mbili zina kiima kile kile, Juma na Juma. Unaandika *Having finished his work, Juma went home*, unapata vema, unasonga mbele. Mtego hujawahi kuuona. Siku ya insha unaandika mambo yako ya kweli, ambako mtendaji wa kwanza ni wewe na wa pili ni mama, au basi, au mvua. *Having finished my work, my mother called me.* Mama ndiye amemaliza kazi zako, na wewe hukutaka kusema hivyo. Ningekuwa natunga mazoezi ningechanganya jozi: nyingine zina kiima kimoja, nyingine viwili, mwanafunzi aseme zipi haziunganishiki kwa -ing.

Ndonde_wa_Masasi

Naomba nipinge kidogo, uzi usipoe.

Kwanza, kosa hili si la Waswahili peke yetu. Shakespeare mwenyewe, kwenye Hamlet, mzimu wa mfalme unasema imetangazwa kwamba *sleeping in my orchard, a serpent stung me*. Nani alikuwa amelala bustanini, nyoka? Huyo ndiye baba wa Kiingereza, na hapo ni karibu mwaka 1600.

Pili, hicho Kiswahili unachokisifu nacho kina mashimo. *Mwalimu alimwona mwanafunzi akitoka dukani.* Haya, nani alitoka dukani?

Mwl_Mikindani

Mkuu umekuja na silaha.

Ya Shakespeare ni kweli, na Waingereza wa leo wanafanya kosa hili kila siku kwenye maongezi. Tofauti ni kwamba pale *my* na *me* zinamzunguka msemaji pande zote, msikilizaji hapotei. Barua ya kazi anaisoma mtu aliyechoka, ana rundo mbele yake, anatafuta sababu ya kukuweka pembeni. Wewe si mzimu wa mfalme, hakusikilizi kwa hofu.

Ya pili umenikamata, na ni nzuri kuliko ya kwanza. A- ya mwalimu na a- ya mwanafunzi ni moja, ngeli moja, umoja wote. Hapo Kiswahili nacho kinaachia msomaji akisie. Lakini gusa kidogo tu: *Mwalimu aliwaona wanafunzi wakitoka dukani.* Utata umekwisha. Kiingereza hakina kifaa hicho, kwa hiyo kinategemea nafasi ya neno na alama ya mkato. *The minister met the farmers complaining about prices*, bila mkato, wanaolalamika ni wakulima, kama kirejeshi chetu: wakulima wanaolalamika. Ukiweka mkato, *The minister met the farmers, complaining about prices*, aliyelalamika ni waziri. Kwetu ni akilalamika na wakilalamika, basi.

Mwandishi_Lindi

Hiyo ya mkato iandikwe kwa wino mwekundu. Sisi wa habari tunaumia sana hapo. Mfano kutoka minadani: *The farmers waiting for the auction slept at the warehouse.* Ni wale tu waliokuwa wakisubiri mnada, wengine walilala kwao. *The farmers, waiting for the auction, slept at the warehouse.* Hapa wakulima wote walilala ghalani na sababu umeipata. Mhariri akifuta mikato miwili kwa kubana nafasi, habari imebadilika.

Na mimi nina swali. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua ile, niliandika *Heavy rain fell, cutting the road at Somanga.* Nikaambiwa -ing haiwezi kuja mwisho. Ni kweli?

Mwl_Mikindani

Si kweli, uko sawa kabisa. Mvua ilinyesha, mvua ikakata barabara, mtendaji ni yule yule. Angalia Kiswahili chake: *Mvua kubwa ilinyesha, ikakata barabara Somanga.* Mwanzoni mwa sentensi -ing inafanana na -ki-, lakini ikija mwisho baada ya mkato kueleza matokeo, inafanya kazi ya -ka-. Wengi hawalijui hili kwa sababu wamekariri kwamba -ing ni -ki- na biashara imefungwa.

Wakati mwingine inaazima tukio zima badala ya kiima. *The road was cut at Somanga, making passengers sleep in the buses.* Si barabara iliyowalaza abiria kwenye mabasi, ni ule ukatikaji. Waingereza wanaikubali. Usiandike tu *making passengers to sleep*, hiyo *to* ni yetu. Na ukiona wasiwasi, *which made passengers sleep in the buses* haimkwazi mtu.

Mpita_Njia

Watu wa Kusini na Kiingereza wapi na wapi 😂 rudini kwenye korosho.

Ndonde_wa_Masasi

Mpita Njia, Mkapa wa Lupaso, Masasi, alisomea Kiingereza Makerere, akahariri magazeti ya Kiingereza, kisha akawa Rais wa nchi. Endelea kupita njia yako.

Binti_Shangani

Mwalimu, kwa hiyo naweza kuandika *Getting good marks, I will go to Form Five*? Nikimaanisha nikipata alama nzuri.

Mwl_Mikindani

Hapana mwanangu, na hapa ndipo -ki- inapotusaliti. -Ki- yetu ina kazi mbili. *Nilimkuta akisoma* ni tendo linaloendelea. *Ukija nitakupa* ni sharti. -ing imechukua ile ya kwanza, ya sharti haijaichukua ila mara chache. Kwa sharti tumia *if*: *If I get good marks, I will go to Form Five.*

Zile mara chache ni kama unapomwelekeza mtu njia: *Turning left after the market, you will see the bus stand.* Ukikata kushoto utaona stendi. Ipo pia *weather permitting*, ambayo ni hali ya hewa ikiruhusu, neno kwa neno. Hiyo ni ya kukariri ilivyo, na ina kiima chake chenyewe, *weather*, haiazimi kwa mtu. *We will sail to Kilwa tomorrow, weather permitting.* Za namna hiyo zipo nyingine, *the bridge being broken, the passengers walked*, ni sarufi safi ila zinanuka kabati la vitabu. Kwenye maongezi watu husema *With the bridge broken, the passengers walked.*

KoroshoGhafi

Na ukanushi? Mimi huwa naandika *Don't knowing*. Nahisi siko peke yangu.

Mwl_Mikindani

Hauko peke yako. Weka *not* mbele ya -ing, basi, hakuna *do* hapo: *Not knowing the auction price, the farmer sold his nuts to kangomba buyers.* Kwa kutojua bei ya mnada, mkulima akawauzia watu wa kangomba, wale wanunuzi wa magendo. Usiitafsiri kwa -sipo-, maana *asipojua* inakurudisha kwenye *if*.

Na tazameni, hapo nimeandika *knowing*. Mliambiwa shuleni *I am knowing* ni kosa, na ni kosa kweli. Ila *Knowing the road well, the driver took the Newala route at night* ni Kiingereza kizuri. Lile katazo ni la *am, is, are* pamoja na know. Kishazi chetu hiki hakimo. Ndivyo ilivyo pia kwa *being* na *having*. Na maana yake mara nyingi ni sababu: kwa kuwa anaijua njia.

Mkutubi

Nichangie historia kidogo. Kwenye Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, hizi zilikuwa mbili tofauti. Kishazi hiki kilikuwa na mwisho wa -ende, na jina la kitenzi lilikuwa na -ung au -ing. Baadaye -ing ikaimeza -ende, zote zikavaa sare moja. Ndiyo maana *fishing* ya leo inachanganya.

Kiswahili kinazitenganisha vizuri. *Fishing at Msimbati is hard work*: kuvua, ku-, ni jina. *Fishing at Msimbati, he lost his net*: akivua, -ki-, ni kishazi. Ukiona ku- inakaa vizuri, ile si mada ya uzi huu na huna haja ya kutafuta mtendaji.

Ndonde_wa_Masasi

Hapo sawa. Ila *Generally speaking, cashew prices rise and fall* je? Bei zinaongea?

Mwl_Mikindani

Mkuu hauchoki. Hizo zimeshagota kama misemo: *generally speaking, judging by, considering, regarding*. Zimeacha kuwa vitenzi, zimekuwa viunganishi tu, hakuna anayedai mtendaji. *Considering the distance, the fare is fair.* Nauli haifikirii umbali na hakuna anayecheka. Ni chache, zikariri, usijitungie zako.

Kwa kuwa umependa mapambano, nikupe iliyoniponyoka mwanzo. Nililaumu kauli ya kutendwa, ila kuna mahali inaokoa. *Visiting Kilwa in 1331, the town impressed Ibn Battuta.* Mji ndio unaotembelea. Sasa igeuze: *Visiting Kilwa in 1331, Ibn Battuta was impressed by the town.* Kutendwa, na ni sahihi, kwa sababu Ibn Battuta amekaa kwenye kiti cha kiima. Kosa halikai kwenye kutendwa kwenyewe, linakaa kwenye nani amekalia kiti.

Dereva_Newala

Nimesoma yote nikisubiri abiria. Swali la haraka: *I saw the ferry crossing to Msangamkuu* na *I saw the ferry cross to Msangamkuu*. Zote naziona.

Mwl_Mikindani

*Crossing*: uliiona pantoni ikivuka, ikiwa katikati ya maji, huenda ukageuka ukaondoka. *Cross*: uliiona ikiondoka mpaka ikafika ng'ambo. Polisi akikuuliza kama shahidi, chagua kwa makini.

Binti_Shangani

Mwalimu nimejaribu moja ya kwangu: *Coming from school, it started raining, so running home my books fell down.*

Mwl_Mikindani

Umeweka mbili kwenye sentensi moja, hongera kwa ujasiri. Pima ya kwanza: *it* ndiyo inatoka shule? Hii *it* ya mvua haimwakilishi mtu, haikopeshi. Ya pili: vitabu vinakimbia nyumbani? Rudisha nafsi zako: *As I was coming from school, it started raining. Running home, I dropped my books.* Ona nilivyobadilisha *my books fell* kuwa *I dropped*, na -ing ikapata mwenyewe.

KoroshoGhafi

Ya kwangu sasa, ticha, naituma kesho asubuhi: *Having read your advert and being born in Tandahimba, cashew is in my blood.*

Mwl_Mikindani

Korosho imesoma tangazo na imezaliwa Tandahimba. Hilo la pili angalau ni kweli kwa nyingi zao. Andika: *Having grown up among cashew farmers in Tandahimba, I know the crop well, and I wish to apply for the post you advertised.* Na hiyo ya damu itoe kabisa.